Land Rover 109: geji ya mafuta inasoma juu kuliko kilichomo tenkini. Nianzie kwenye geji, sensa au waya?

Kiloleni109 (Tabora)

Wakuu, mwangaluka.

Nina Land Rover 109 Series III, pikapu, injini ya petroli ya lita 2.25, tenki lile la chini ya kiti cha dereva. Ni gari la marehemu baba mdogo. Lilikaa miaka chini ya mwembe pale Cheyo mpaka tukalifufua, na sasa linakula kazi: linapeleka mizinga upande wa Sikonge na kurudi na madumu ya asali. Mwaka huu nikalipiga rangi nje na ndani. Dashibodi ikatolewa yote, ikapulizwa, ikarudishwa.

Tangu siku hiyo geji ya mafuta haieleweki. Tenki likijaa mshale unaipita F na kwenda kuegemea mwisho kabisa. Nikiwa na nusu, unasoma kama robo tatu na zaidi. Kibaya ni huku chini: gari limenizimikia njia ya Ipole mshale ukiwa bado haujagusa E. Nimekaa kwenye kivuli cha miombo na nyuki wa watu mpaka mwenye pikipiki akaniletea mafuta kwenye chupa za maji.

Fundi mmoja anasema sensa ya tenki imekufa, anataka kushusha tenki. Mwingine anasema geji yenyewe. Wote wanakubaliana jambo moja tu, kwamba nianze kwa kununua. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

BwanaGia

Mkuu, hayo magari usiyabembeleze. Chukua geji ya kisasa na boya lake, toboa dashibodi, funga, maisha yaendelee.

Ujiji Kwetu (Kigoma)

Mzee wangu alikuwa na Volkswagen kobe ya zamani, hiyo haikuwa na geji kabisa. Ilikuwa na koki ya akiba chini karibu na miguu. Injini ikianza kukohoa unaigeuza kwa mguu, unapata akiba ya kukufikisha kituoni. Ukisahau kuirudisha baada ya kujaza, siku nyingine huna akiba na hujui. Kwa hiyo usidhani wa zamani walikuwa na amani.

Kwa swali lako: pima kwa mti, sahau geji.

Kiloleni109

Mti ungefaa kama mdomo wa kujazia ungekuwa juu ya tenki. Kwenye hii uko ubavuni na shingo imepinda, mti unagonga ukuta wa shingo, haufiki chini. Kupima kwa mti ni mpaka ninyanyue kiti na kufungua sensa. Siwezi kufanya hivyo kila asubuhi.

Mama Koili (Kigoma, Mwanga)

Kaka Kiloleni, kabla hujagusa tenki nijibu maswali mawili.

Geji ya joto la maji inasemaje?

Na usiku, injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), ukiwasha taa kubwa, mshale wa mafuta unabaki pale pale au unashuka?

Kiloleni109

Geji ya joto nayo iko juu, inakaribia H. Fundi alisema injini inachemka, akatoa thermostat (ile valvu inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto) akaitupa kwenye boksi. Haikusaidia, mshale uko vile vile. Lakini rejeta haitoi mvuke, maji hayapungui, na ukigusa mpira wa juu si wa kutisha.

Hilo la taa sikuwahi kuliangalia. Nimetoka kujaribu sasa hivi: unashuka. Unachukua muda, lakini unashuka, na nikikanyaga mafuta unapanda tena.

Mama Koili

Basi hakuna cha kushusha tenki leo.

Geji ya mafuta na geji ya joto hazikutani popote huku chini. Moja inatoka kwenye tenki, nyingine inatoka kwenye injini. Zinapoanza kudanganya siku moja, tena zote kwa upande wa juu, tafuta mahali zinapokutana. Zinakutana nyuma ya dashibodi, kwenye kidude kidogo cha bati kinachoitwa stebilaiza. Ni kidogo kuliko kiberiti, na mafundi wengi wanakiruka kwa sababu kinaonekana kama flasha iliyosahaulika.

Geji hizi ni za aina ya joto. Ndani kuna kibapa cha metali mbili zilizogandishwa pamoja, kimezungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita waya unapata joto, kibapa kinapinda, mshale unasogea. Ndiyo maana ukifungua swichi mshale hauruki, unapanda polepole. Sasa, kama geji ingelishwa moja kwa moja kutoka kwenye betri, ingesoma kitu kimoja gari likiwa limezimwa na volti 12, na kitu kingine oltaneta ikiwa inachaji kwenye volti 14. Stebilaiza imewekwa kuondoa hilo. Inatoa wastani wa volti 10 hata betri ikipanda au ikishuka.

Inafanyaje? Nayo ina kibapa chake na waya wake wa joto. Kibapa kikipata joto kinaachanisha pointi (vile vichwa viwili vinavyogusana kupitisha umeme), umeme unakatika. Kikipoa zinagusana tena. Washa, zima, washa, zima, na wastani wake ndio hizo volti 10. Lakini huo waya wa joto unamalizia kwenye bati lake, na bati linapata nega (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kwa kugusa bodi ya gari. Bati lisipogusa bodi, waya haupati joto, pointi haziachani hata siku moja, na geji zinakula volti zote za betri.

Na wewe umesema dashibodi ilitolewa ikapulizwa rangi.

Kiloleni109

Duh. Ilipulizwa mpaka nyuma. Nilimsifia kabisa kwamba kijana ana bidii.

BwanaGia

Sasa dada, kama hiyo stebilaiza ni korofi, si aiondoe tu? Waya unaoingia na unaotoka afunge pamoja.

Mama Koili

BwanaGia, hivyo ndivyo gari lake lilivyo sasa hivi, ila bila kukata waya. Geji ya volti 10 ukiilisha 14 itasoma juu, na waya wake mwembamba ndani hautadumu.

Kiloleni, kwenye kibati utaona herufi zimegongwa. B ni umeme unaoingia, I ni unaokwenda kwenye geji, E ni nega. Usipime I kwa multimita ya namba ukategemea kuona 10, itakuonyesha 12, 0, 12, 0 na utachanganyikiwa. Chukua balbu ndogo ya dashibodi yenye waya mbili, upande mmoja kwenye I, mwingine kwenye bodi iliyo safi. Fungua swichi usubiri, mwanzoni itawaka mfululizo mpaka kibapa kipate joto. Baada ya hapo:

ikianza kukonyeza, stebilaiza inafanya kazi;
ikiwaka moja kwa moja bila kukatika, haidhibiti kitu;
isipowaka kabisa, rudi B uone kama umeme unafika. Usipofika, fuata waya wa kijani mpaka kwenye fyuzi. Ukifika B lakini I hakuna kitu, pointi zimeungua.

Ikiwaka moja kwa moja, chukua kipande cha waya, gusisha bati la stebilaiza kwenye nega ya uhakika. Ikianza kukonyeza, umemaliza. Kwangua rangi.

Mzee wa Tumbaku (Urambo)

Nakazia hapo kwenye nega. Nimeendesha haya magari tangu enzi za vyama vya ushirika. Bodi yake ni aluminiamu, fremu ni chuma, na zinapokutana kutu haikosi. Mtu anabadilisha taa, anabadilisha honi, anabadilisha geji, kumbe nega haifiki.

Ila na mimi niulize. Ya kwangu mshale umelala F mwaka mzima, lakini geji ya joto ni nzima. Ndio ugonjwa huo huo?

Mama Koili

Hapana mzee wangu, shikamoo. Huo ni mwingine. Joto likiwa sawa, stebilaiza ni nzima. Sensa ya tenki inafanya kazi kwa kubana njia ya umeme kwenda nega: tenki tupu inabana sana, tenki likijaa inaachia. Waya wa kutoka geji kwenda kwenye tenki ukichubuka ukagusa bodi njiani, geji inaona njia iko wazi kabisa, inasoma F daima. Kwenye Series III huo waya ni wa kijani wenye mstari mweusi, kama hakuna mtu aliyekwisha kuubadilisha kwa waya wa spika. Uchomoe pale kwenye sensa. Mshale ukishuka E, kosa liko ndani ya tenki. Ukibaki F, waya umegusa bodi kati ya hapo na dashibodi, na mara nyingi ni pale unapopita kwenye tundu la bati bila kipira.

Mzee wa Tumbaku

Marahaba mama. Nitamtuma kijana aangalie tundu hilo.

FundiRedio_Gongoni (Tabora)

Mimi natengeneza redio na amplifaya, nimeona mada imeingia kwenye uwanja wangu. Kama pointi za stebilaiza zimeungua, usihangaike kutafuta ya zamani. IC (kidude cha elektroniki) ya 7810 inatoa volti 10 zilizotulia. Miguu mitatu: kuingia, nega, kutoka. Bamba lake la mgongoni ni nega, kwa hiyo ukilifunga kwa boliti kwenye bodi (isiyo na rangi!) umepata nega na sehemu ya kupoozea kwa pamoja.

Shida ni kwamba madukani 7805 na 7812 zimejaa, 7810 unaitafuta. Ukikosa, tumia LM317 na rezista mbili: omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 240 kati ya mguu wa kutoka na wa kurekebishia, halafu 1500 na 180 zilizofuatana kutoka mguu wa kurekebishia kwenda nega. Inatoa volti 10 kamili kwa hesabu. Tahadhari moja: bamba la LM317 si nega, ni mguu wa kutoka. Likigusa bodi umepiga shoti. Weka mika (karatasi isiyopitisha umeme) katikati na kibushi cha plastiki kwenye boliti.

Mama Koili

FundiRedio uko sahihi, na kwa gari la kazi mimi ningependelea hiyo ya IC. Ila asikimbilie kununua kabla ya kupima.

Kiloleni109

Wakuu, mrejesho.

Nimefungua paneli jioni hii. Kibati nimekipata, kimefungwa kwa skrubu moja juu ya rangi mbichi kabisa, chini yake kuna rangi, juu ya sikio lake kuna rangi, hadi kwenye nyuzi za skrubu. Balbu iliwaka moja kwa moja. Nikagusisha waya wa nega kwenye bati. Ikaendelea kuwaka, nikaanza kukata tamaa, halafu ikazimika. Ikawaka. Ikazimika. Mtoto aliyekuwa ananishikia tochi akacheka.

Nimekwangua mpaka bati limeng'aa, nikaongeza na waya mweusi kutoka kwenye skrubu hadi kwenye nega ya dashibodi. Geji ya joto sasa inakaa katikati. Thermostat nimeiokota kwenye boksi.

Mama Koili

Irudishe, ila kwanza itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka uone kama inafunguka. Injini isiyo na thermostat inakimbia baridi, inakula petroli bure na mafuta yasiyoungua yanaosha kuta za silinda. Na mafuta?

Kiloleni109

Hapo ndipo penye uzi wa pili. Tenki nimelijaza: mshale umesimama kwenye F vizuri, haupiti. Nikaendesha, ukashuka vizuri, robo tatu, ukafika karibu na nusu. Halafu ukaanza kushuka wenyewe polepole mpaka karibu na E, na haukurudi tena. Tenki bado lina nusu, nimenyanyua kiti, nikafungua sensa na kuchungulia.

Zamani haukufanya hivi. Au ulifanya na sikujua?

BwanaGia

Geji imekufa hiyo. Nilisema mapema.

Mama Koili

Geji iliyokufa haisomi nusu ya juu kwa usahihi.

Na ulifanya, Kiloleni. Soma tena ulichoandika mwanzo, hukusema mshale ulisomaje kati ya nusu na pale gari lilipozima, umesema tu haukugusa E. Umeme ukikatika kabisa, mshale unapumzika mahali pake pa baridi, na kwenye geji iliyochakaa hapo mahali huwa juu kidogo ya E. Lakini tusibishane na ya jana, tupime.

Ndani ya sensa kuna kipande kilichozungushiwa waya mwembamba wa nikromu, na kidole kinachotembea juu yake kadiri boya linavyopanda na kushuka. Kwenye geji hizi za Smiths, tenki likijaa utasoma omu kama 20 na kitu, katikati kama 70, na tupu kama 240. Gari ambalo halijazwi kila mara, kidole kinasugua pale pale miaka yote, waya unalika. Ukikatika katikati, juu ya mkato kila kitu ni kizima. Chini ya mkato hakuna njia. Geji inaona waya uliochomolewa, inakwenda E. Kama pangekuwa uchafu tu, mshale ungeanguka na kurudi boya likipita hapo. Wa kwako haurudi.

Kwanza thibitisha geji bila kugusa tenki: chomoa waya wa kijani-mweusi, unganisha kwenye bodi kupitia rezista ya omu 68, FundiRedio atakupa. Mshale ukae nusu. Ukikaa, geji na waya ni vizima na sensa ndiyo mgonjwa.

Halafu toa sensa. Toa nega ya betri kwanza. Gari liwe nje, si gereji ambamo mtu anachomelea mlango. Piga brashi lile vumbi lote la juu ya tenki kabla ya kulegeza skrubu, vinginevyo litaishia kwenye kabureta. Ukishaitoa iache ikauke petroli, ipeleke mbali na tenki, ndipo uweke multimita kati ya nguzo ya waya na bati lake, unyanyue mkono wa boya polepole. Hapa multimita ya namba inafaa, ila ya mshale ni bora, inaonyesha mruko.

Tikisa na boya lenyewe karibu na sikio. La shaba likipasuka linaingiza petroli na kuzama.

Kiloleni109

Rezista: mshale nusu, umenyooka.

Sensa: boya kavu, halisikiki kitu. Mkono ukiwa juu kabisa omu 23. Nikiushusha, 30, 41, 58, 66, halafu multimita inaonyesha 1 upande wa kushoto, yaani hakuna njia, mpaka chini kabisa. Nimechungulia kwa miwani ya mama ya kusomea: kuna waya mmoja umekatika, ncha zake mbili zimeachana, na pembeni yake nyuzi kadhaa zimesuguliwa zikawa bapa.

FundiRedio, unaweza kuulehemu?

FundiRedio_Gongoni

Nikromu haishiki risasi. Nitakupaka dawa, nitapuliza, itaonekana imeshika, utafika Inala itaachia. Na nyuzi za jirani umesema zimeshalika, leo huu, kesho ule. Hiyo ni ya kubadilisha.

BwanaGia

Nina sensa ya Toyota hapa, ipo safi. Matundu tutatoboa mengine.

Mama Koili

Matundu si tatizo, tatizo ni omu. Sensa nyingi za Toyota tenki likiwa tupu zinafika 110 au 120 hivi basi. Geji ya Smiths ikiona 110 inasoma robo na ushee. Maana yake tenki limekauka na mshale unamwambia bado ana robo, ndiyo ile ile safari ya Ipole. Zile za VDO za magari ya Kijerumani ndio kabisa: 10 ni tupu, 180 ni kujaa, zinakwenda kinyume. Atafute ya Series III petroli, na kabla hajalipa aweke multimita dukani asogeze mkono juu na chini. Muuzaji asiyetaka ipimwe abaki nayo.

Mzee wa Tumbaku

Kijana amepata, waya ulikuwa umechunwa na bati la sakafu kama ulivyosema mama. Geji imefufuka. Ila sasa nimegundua nilikuwa natembea na mafuta kidogo kuliko nilivyodhani mwaka wote huo.

Kiloleni109

Sensa imepatikana kwa mtu anayevunja 109, ikaja na basi. Nimeipima kabla ya kuifunga: 22 juu, 71 katikati, 238 chini, hakuna mruko. Gasketi ya zamani ilikuwa kama biskuti, nimekata mpya ya koki (ile ya vizibo vya chupa). Skrubu na sehemu zake nimesugua ili sensa ipate nega, nikaongeza na waya kutoka sikio la sensa hadi kwenye fremu.

Halafu, kwa kuwa tenki lilikuwa tupu, nimelijaza kwa kidumu cha lita tano, kila kidumu nasubiri mshale utulie naandika. Ya kwanza: E. Ya pili: juu kidogo ya E. Ya tatu: robo. Ya tano: nusu. Ya saba: robo tatu. Ya tisa: F, na hapo ndio ujazo wote wa hili tenki, lita 45.

Swali la mwisho, Mama Koili: naweza kuifanya E ije mapema zaidi? Ile njia haina kituo.

Mama Koili

Unaweza. Pinda mkono wa boya kidogo sana kwenda juu, ili boya likae juu kuliko kidole. Kwa mafuta yale yale geji itasoma chini zaidi. Utapoteza kidogo kwenye F, haitafika pale pale, lakini hakuna aliyewahi kukwama kwa sababu F haijafika. Shika mkono kwa koleo karibu na bati ndipo upinde, usiupinde kwa kusukuma boya, utavunja kidole ndani.

Kiloleni109

Nimeupinda. E sasa inakuja kukiwa na lita nane hivi ndani, F imebaki upana wa mshale mmoja. Naiacha hapo. Kesho alfajiri natoka na mizinga.

BwanaGia, ile sensa ya Toyota kuna jamaa wa Nzega ana Hilux ya zamani anaitafuta, nimtumie namba yako?

BwanaGia

Mtumie. Mwambie aje na multimita.